Waidi Isiyomwokoa Mpigaji

Agosti 31, 2011, katika uwanja wa Old Trafford mjini Manchester, Virat Kohli wa India alikabidhiwa mpira kwa mara ya kwanza katika mechi ya kimataifa ya kriketi ya ova 20. Mpira wake wa kwanza ulikwenda kombo, ukapita upande wa miguu ya Kevin Pietersen wa Uingereza, aliyekuwa amesogea mbele kuufuata. Pietersen akaukosa. Nyuma yake, mlinda wiketi wa India, Mahendra Singh Dhoni, akaudaka na kuvunja wiketi kabla mpigaji hajarudi mstarini.

Mpira ule ulikuwa waidi, na India ikatozwa mkimbio mmoja. Hata hivyo Pietersen, aliyekwisha kufikisha mikimbio 33, alitoka. Kwa kuwa waidi haihesabiwi katika mipira sita ya ova, Kohli aliandikiwa wiketi kabla hajarusha hata mpira mmoja halali. Uingereza ilishinda kwa wiketi 6, lakini wiketi hiyo ya ajabu ndiyo inayosimuliwa hadi leo.

Waidi ni mpira unaopita mbali kiasi kwamba mpigaji hawezi kuufikia kwa gongo akicheza kwa kawaida. Kosa ni la mrushaji. Timu inayopiga hupewa mkimbio wa bure na mpira hurushwa upya. Anayeanza kuufahamu mchezo huu hudhani kwamba adhabu ya mrushaji ndiyo kinga ya mpigaji. Kanuni hazijawahi kukubali hivyo moja kwa moja, na sababu zake zina historia ndefu.

Kanuni za mwaka 1744 tayari zilimtoa mpigaji aliyevunjiwa wiketi akiwa nje ya mstari wake. Mrushaji aliyepeleka mipira pembeni, kwa upande mwingine, hakutozwa chochote. Mwanya huo ulianikwa hadharani mwaka 1810, katika pambano la wawili kwa wawili. George Osbaldeston aliugua, na mwenzake William Lambert akalazimika kucheza peke yake dhidi ya Lord Frederick Beauclerk, kasisi maarufu kwa hasira zake, na Thomas Howard. Lambert alimrushia Beauclerk mipira ya mbali kwa makusudi, mmoja baada ya mwingine, hadi mkubwa huyo akapandwa na hasira. Kisha akamrushia ulionyooka na kumtoa. Lambert alishinda kwa mikimbio 15. Haikuchukua muda mrefu waidi ikawekewa adhabu, ingawa kwa miaka kadhaa mikimbio yake iliandikwa pamoja na ziada nyingine bila kutengwa.

Adhabu ilipowekwa, likabaki swali la hatima ya mpigaji. Jibu lililopo leo katika Kanuni ya 22 ni kwamba mpira wa waidi unabaki hai. Mpigaji anaweza kutolewa kwa njia nne: kuvunjiwa wiketi na mlinda wiketi, kutolewa akiwa mbioni, kuangusha wiketi yake mwenyewe, au kuwazuia wachezaji wa upande wa pili kwa makusudi. Zamani ilikuwapo ya tano, kuushika mpira kwa mkono. Kanuni mpya za MCC, klabu inayotunga kanuni za kriketi, zilizoanza kutumika Oktoba 2017 ziliunganisha kosa hilo na lile la kuzuia.

Njia nyingine zinajifunga zenyewe. Mpira ukigusa gongo au mwili wa mpigaji, hauwi waidi tena. Kwa hiyo hawezi kudakwa kwenye waidi, wala kutolewa kwa kuukinga mpira kwa mguu.

Zinazobaki zote zinatokana na jambo alilofanya mpigaji mwenyewe: kuacha mstari, kukimbia vibaya, kugonga vijiti vyake, kuingilia kazi ya wengine. Hapo ndipo waidi inapotofautiana na mpira haramu, kama ule wa mrushaji aliyevuka mstari wake. Mpira haramu umekiuka kanuni tangu unapotoka mkononi, na mpigaji hulindwa asivunjiwe wiketi na mlinda wiketi. Waidi imerushwa kihalali, ila imekosa shabaha. Anayeifuata nje ya mstari amejiweka hatarini kwa hiari yake.

Uamuzi wa kumtoa mpigaji aliyevunjiwa wiketi kwenye waidi unahitaji macho ya watu wawili. Mwamuzi wa upande wa mrushaji hutangaza waidi, na mwenzake wa pembeni hutazama mguu wa mpigaji na vijiti. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa wakati mmoja. Mrushaji hupata wiketi na papo hapo huongezewa mkimbio katika hesabu yake.

Melbourne, Oktoba 23, 2022, Kombe la Dunia la ova 20 lilionyesha thamani ya kutulia. Ikiwa imebaki mipira miwili na mikimbio miwili dhidi ya Pakistan, Dinesh Karthik wa India alivunjiwa wiketi na Mohammad Rizwan. Ravichandran Ashwin akaingia. Mohammad Nawaz alirusha mpira uliopita upande wa miguu yake. Ashwin aliuacha upite. Ikawa waidi, alama zikalingana, na mpira uliofuata akaupiga juu ya vichwa vya walindaji na kumaliza mechi.

Lau India ingehitaji mkimbio mmoja tu pale, mechi ingeishia kwenye waidi yenyewe. Kanuni inasema mpira uliotangazwa waidi huhesabiwa kuwa waidi tangu mrushaji anapoanza hatua ya kuurusha. Mkimbio wa ushindi huwa umeingia kabla mpira haujamfikia mlinda wiketi, na wiketi ikivunjwa baada ya hapo, mpigaji huandikwa kuwa hakutolewa.