Mlima wa Chumvi

Tarehe 24 Mei 1888 msafara mmoja ulikuwa ukiliacha Ziwa Albert, upande wetu huu wa magharibi, katika nchi tunayoiita leo Ituri. Mkuu wake alikuwa Bwana Stanley, aliyekuja kumtafuta Emin Pasha; wapagazi wake wengi walikuwa Wazanzibari. Walipokwisha kwenda kadiri ya kilometa nane kutoka kambi ya Nsabe, kijana mmoja akamwonyesha bwana mkubwa mlima wa mbali, upande wa kusini, uliosemwa kuwa umefunikwa na chumvi. Stanley akatazama, akaona kama wingu la rangi ya fedha. Alipokaza macho akatambua ya kuwa si wingu wala si chumvi: ni theluji. Ndio Ruwenzori.

Jina la kijana yule halijulikani. Mwezi uliotangulia, tarehe 20 Aprili, Jephson na daktari Parke, watu wa msafara uleule, walikuwa wamekwisha kuuona weupe huo. Stanley mwenyewe alipita karibu na milima hiyo mwaka 1876, upande wa mashariki, asijue kwamba ina theluji, maana mawingu huifunika siku nyingi. Lakini Wanande na Wakonjo, wenyeji wa miteremko yake, waliijua theluji tangu zamani, wakaiita nzururu. Kwa hiyo mimi siwezi kuandika kwamba Stanley “alivumbua” mlima huu. Aliutia katika kitabu, basi.

Mwaka 1889, mwezi wa Juni, msafara ukirudi kwa njia ya bonde la Semliki, Luteni Stairs alijaribu kupanda pamoja na Wazanzibari kadiri ya arobaini. Wafikirie watu wa pwani, waliozoea jua na minazi, wakilala mlimani bila nguo za baridi wala chakula cha kutosha! Walifika karibu mita 3,250, wakaona mabonde marefu yamewakatia njia, wakarudi. Miaka miwili baadaye Mjerumani Stuhlmann alifuata bonde la mto Butawu, akapita mita 4,000. Mwaka 1906 Mtawala wa Abruzzi, Mwitalia, alipanda kutoka upande wa Uganda, na tarehe 18 Juni akasimama juu ya kilele cha Margherita, mita 5,109. Katika Afrika yote ni Kilimanjaro na Kenya tu zinazoupita mlima huu. Wabelgiji walikuja na msafara wao mwaka 1932, upande wa Kongo, chini ya Xavier de Grunne.

Bonde lile la Butawu ndilo njia ya upande wetu. Waanzia Mutwanga na Mutsora, chini ya mlima, katika Hifadhi ya Virunga. Kituo cha kwanza ni Kalonge, zaidi kidogo ya mita 2,100. Cha pili ni Mahangu, mita 3,310. Maana yake kwa siku moja mtu hupanda karibu mita 1,200, katika matope na mizizi na mianzi, na hapo amekwisha kupita kimo alichokomea Stairs. Cha tatu ni Kiondo, mita 4,300. Mpaka hapo mtu asiyepata kupanda mlima aweza kwenda kwa miguu yake tu, bila kamba. Zaidi ya hapo, kwenye barafu, ni kazi ya waliofundishwa. Adui wa mgeni ni haraka. Hewa ya juu ni nyepesi, kichwa huuma. Akianza kutapika au kuyumba asilazimishwe kuendelea, ashushwe mara moja. Achukue sweta na nguo kavu za kulalia, maana mvua huko haiulizi majira.

Vita vya mashariki ya Kongo vimeifunga njia hii mara nyingi, na watu wa Mutwanga wameteseka sana. Asiondoke mtu Bunia bila kupata habari kwanza kwa walinzi wa hifadhi.

Na ile “chumvi”? Mwaka 1906 barafu ya Ruwenzori ilienea kilometa za mraba 6.5 hivi. Ilipopimwa mwaka 2003 haikutimia hata moja. Mabamba yaliyokuwa yameshikana yamekatika vipande vipande, na mahali pengi yamebaki mawe meusi matupu. Anayefika Kiondo alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, huyaona mawe hayo kwanza, ndipo barafu.