Dawa au kiuatilifu?

Kibondo na Kasulu, mkulima wa maharage au tumbaku husema anapiga dawa. Serikali husema kiuatilifu, neno la kung'ata ulimi, lakini hilo "dawa" ndilo linalotuponza. Kwa kuiona ni dawa tu, chupa ikipasuka stoo, mtu huchota ndoo ya maji na kuisukumia dawa hiyo mtaroni, ikaelekea mto Malagarasi na Ziwa Tanganyika. Sumu haioshwi hivyo: humwagiwa mchanga mkavu au maranda, ikishanywewa huzolewa kwa koleo na kufungiwa kwenye chombo. Sumu hii hudhuru hata ikiwa imehifadhiwa vibaya tu: Vikuge, Kibaha, viuatilifu vya msaada vilivyoletwa mwaka 1986 vilirundikwa bandani, sumu ya DDT ikaingia udongoni. Wenye maduka ya pembejeo, mkimkabidhi mteja chupa, mwambieni wazi: hii ni sumu.