Kuvua Shaba Kwenye Maji Taka: Kazi ya Miaka Mia Tisa

Mkulima wa kahawa anayeujua mrututu hauchanganyi kwenye ndoo ya chuma. Ukikaa humo, ndoo inaanza kuwa nyekundu kwa ndani, kisha inalika mpaka inatoboka. Wekundu ule ni shaba halisi, imetoka kwenye maji ya buluu na kujibandika kwenye chuma.

Jambo hilohilo lilimvutia Shen Kuo, mwanazuoni na ofisa wa utawala wa Song nchini China katika karne ya 11. Aliandika habari za chemchemi moja ya Qianshan, huko Jiangxi, ambayo maji yake yalikuwa machungu. Yakichemshwa yalitoa mrututu, mrututu ukipikwa ulitoa shaba, na sufuria ya chuma iliyotumika kwa kazi hiyo muda mrefu nayo ikageuka shaba. Tunavyoelewa leo, sufuria haikugeuka, bali ilibadilishwa chembe kwa chembe. Chuma huachia elektroni zake kwa wepesi kuliko shaba. Ayoni za shaba zilizomo majini huzichukua na kuganda kuwa metali, na chuma huyeyuka na kushika nafasi yao majini.

Watu wa Song hawakuishia kustaajabu. Serikali ilikuwa na njaa ya shaba kwa ajili ya sarafu, na mmoja wao, Zhang Qian, aliandika kitabu kizima cha kufundisha njia hiyo. Maji ya migodi yalielekezwa kwenye mifereji iliyopangwa vipande vyembamba vya chuma, tope jekundu likakwanguliwa na kupelekwa kwenye tanuri. Karne ya 18 Wales nayo ilikuwa na mabwawa ya namna hiyo kwenye mlima wa Parys, kisiwani Anglesey. Huko Butte, Montana, vyuma chakavu vimeokoa shaba kutoka maji ya migodi tangu mwishoni mwa karne ya 19, na karne hii vimetumika hata kwa maji ya shimo la mgodi la Berkeley. Shimo hilo lilianza kujaa maji ya asidi pampu zilipozimwa mwaka 1982.

Njia hiyo ina deni lake. Kwa hesabu ya kemia, kilo moja ya shaba hula gramu 880 hivi za chuma, na kazini hula zaidi. Chuma hicho chote huondoka na maji. Mwenye mgodi anapata shaba yake, lakini mto unapokea metali nyingine.

Elektroni hazina lazima ya kutoka kwenye chuma; zinaweza kuletwa na mkondo wa umeme. Katika miaka ya 1833 na 1834 Michael Faraday alithibitisha kuwa kiasi cha metali kinachoganda hufuata kiasi cha umeme uliopita. Ampea moja kwa saa moja hugandisha karibu gramu 1.2 za shaba, au gramu 4 za fedha. James Elkington akapata hataza ya kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1865. Katanga nako, kiwanda cha Shituru, Likasi, kilianza mwaka 1929 kutoa shaba kwa umeme kutoka kwenye asidi iliyoyeyusha mawe ya madini.

Lakini kimiminika cha viwanda vya namna hiyo kina makumi ya gramu za shaba katika kila lita. Maji ya kusuuzia vyombo katika karakana ya kupaka nikeli, kadimi au shaba yana miligramu tu, na hapo ndipo umeme ulipogonga mwamba. Ayoni zilizo karibu na kathodi, yaani ncha ya umeme ambako metali huganda, huisha upesi, na zilizo mbali huchelewa kufika. Ukilazimisha mkondo, umeme unaanza kupasua maji yenyewe, mapovu ya haidrojeni yanapanda, na mwenye kiwanda analipia gesi asiyoitaka. Ni kama basi lililokaa kituoni bila abiria huku injini inaunguruma na mafuta yanaungua.

Viwanda vikachagua chokaa. Unaimwaga, metali inashuka chini kama tope, tope linazikwa. Kwangu hiyo ni kuhamisha sumu kutoka majini kwenda ardhini, tena ikiwa imechanganyika kiasi kwamba kuitenga baadaye ni gharama kubwa.

Kilichobadili mambo ni uchungu wa watu. Mwaka 1968 serikali ya Japani ilikiri kwamba zebaki ya kiwandani ndiyo iliyowaumiza wakazi wa Minamata, na kwamba kadimi ya mgodini ndiyo iliyovunja mifupa ya watu wa bonde la mto Jinzu. Mwaka 1972 Marekani ikapitisha sheria kali ya maji safi.

Miaka hiyohiyo jibu la kiufundi lilipatikana: ipanuliwe kathodi. Mwaka 1969 Goodridge, Fleischmann na wenzao, katika utafiti uliofanyika Uingereza, walichapisha kazi yao juu ya kathodi ya chembechembe zinazoelea na kurukaruka ndani ya maji yanayopanda. Mwaka 1972 Bennion na Newman wa Chuo Kikuu cha California walipitisha maji katikati ya kaboni yenye vinyweleo, na shaba ikashuka kutoka takribani miligramu 670 kwa lita hadi chini ya 1. Ndani ya kaboni ile hakuna ayoni iliyo mbali na ukuta. Kaboni ikijaa, shaba inayeyushwa tena katika kimiminika kidogo kilichokolea, kisha inagandishwa kuwa bamba.

Maabara za picha na vyumba vya eksirei vya hospitali vilinufaika na umeme mapema zaidi, kwa sababu dawa ya kukazia filamu hubeba gramu kadhaa za fedha kwa lita, na fedha ina soko.

Umeme hautibu kila maji. Metali zikichanganyika, kuzigandisha moja moja ni kazi ngumu, na yaliyo hafifu mno hupitishwa kwanza kwenye chembe za resini zinazokusanya ayoni. Hata hivyo, ni njia inayorudisha metali ikiwa metali. Mwenye karakana anayepanga mfumo wa maji taka leo, kabla hajanunua chokaa, amtake mhandisi wake amwonyeshe kwa tarakimu ni kilo ngapi zitarudi na ngapi zitazikwa.