Taya la Kanam na Vigingi Vilivyopotea

Katika miaka ya 1930 Kanam, iliyo kando ya Ghuba ya Winam katika Homa Bay ya leo, ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kavirondo Kusini, iliyotawaliwa kutoka Kisii. Na ni katika wilaya hiyo ya wafugaji, wakulima na wavuvi ndiko kulikozuka mojawapo ya mabishano makali zaidi kuhusu asili ya binadamu.

Wataalamu wengi wa wakati huo waliitazama Asia, ambako mafuvu ya kale yalikuwa yamepatikana Java na karibu na Peking, ilhali fuvu la Taung la Afrika Kusini, lililotangazwa na Raymond Dart mwaka 1925, lilipuuzwa na wakubwa wa taaluma. Mtafiti Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete, Kenya, alishikilia Afrika. Tarehe 29 Machi 1932 Juma Gitau, mmoja wa wachimbaji wa msafara wake, alipata huko Kanam kipande cha taya la mtu ndani ya bonge la mashapo, yaani udongo na mchanga uliotuama na kugandamana kwa muda mrefu, katika eneo lenye visukuku, mifupa iliyogeuka mawe, vya wanyama waliokwisha kutoweka. Leakey alihoji kwamba ikiwa taya na mifupa hiyo vilitoka katika tabaka moja, basi umri wake ulikuwa mmoja, na mtu wa umbo la kisasa alikuwako Afrika tangu zamani sana. Mkutano wa wataalamu huko Cambridge, Machi 1933, ulimkubalia kwa kiasi kikubwa.

Percy Boswell, mwanajiolojia, hakuridhika, kwa kuwa kwake swali halikuwa taya lina umbo gani bali lilitoka wapi hasa. Alipofika Kanam mapema mwaka 1935 Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe: vigingi vya chuma alivyovipigilia kama alama havikuwapo tena, kwa maelezo yake vilichukuliwa na wenyeji kwa matumizi yao, mvua ilikuwa imeyachimba upya makorongo, na picha iliyodaiwa kuwa ya Kanam ilibainika kuwa ya mahali pengine. Si haki kuwabebesha wenyeji lawama hiyo, maana kando ya ziwa la wavuvi kipande cha chuma kilikuwa mali, na hakuna anayeacha mali isimame ardhini bila kazi; aliyepaswa kupima na kuchora ramani ni mtafiti. Mwezi Machi mwaka huohuo Boswell alichapisha ukosoaji wake katika jarida la Nature, na taya likapoteza heshima. Baadaye ilikubalika kwamba ni la mtu wa kisasa, wala si la kale kama Leakey alivyodhani, na kwamba uvimbe wa ugonjwa ulikuwa umeliharibu umbo la kidevu chake.

Boswell alishinda hoja ya taya, na alistahili kushinda. Hata hivyo wazo la Leakey kuhusu Afrika halikuzikwa pamoja na ushahidi wake mbovu. Katika Rasi ya Homa, iliko Kanam pia, uchimbaji wa Kanjera Kusini ulifukua zana za mawe zenye umri wa takriban miaka milioni 2, ambazo baadhi ya mawe yake yalibebwa kutoka mbali na ambazo zilitumika kukatia nyama na kuchakatia mimea.

Mwaka 2023 kundi lililoongozwa na Thomas Plummer lilitangaza matokeo ya Nyayanga, katika rasi hiyo: zana za mawe 330 za aina ya Oldowan, jina linalotokana na bonde la Olduvai, zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa. Magego mawili yaliyopatikana hapo ni ya Paranthropus, zamadamu mwenye taya nene, yaani kiumbe wa ukoo wa karibu na binadamu, ambaye kwa miaka mingi hakufikiriwa kuwa mtengenezaji wa zana. Wapo wanaodhani mawe yale ni kazi yake, na wapo wanaodhani ni ya jamii ya Homo iliyoishi jirani naye bila kuacha jino hapo. Hoja zote mbili zinasubiri kisukuku kingine kutoka katika tabaka lilelile, ambalo safari hii limepimwa na kuchorwa.