Chanjo na Joto: Safari ya Karne Mbili

Tarehe 30 Novemba 1803 merikebu María Pita iling'oa nanga A Coruña, Hispania, ikiwa na daktari Francisco Javier de Balmis na watoto yatima 22. Watoto hao ndio waliobeba chanjo ya ndui. Walichanjwa wawiliwawili, lengelenge likiiva baada ya siku tisa au kumi, majimaji yake yalichukuliwa kuwachanja wawili wengine, hivyo hivyo hadi ng'ambo ya Atlantiki. Chanjo iliyokaushwa kwenye uzi au kioo iliharibika upesi kwa joto, ila mwilini mwa mtu ilibaki hai.

Njia ya mkono kwa mkono iliendelea kwa miongo mingi, ingawa wakati mwingine ilisambaza kaswende. Ufumbuzi wa kudumu ulikuja miaka ya 1950, pale Leslie Collier wa Taasisi ya Lister, London, alipopata namna ya kugandisha chanjo na kuikausha kwa wingi. Unga huo ulihimili joto la tropiki, na ndio uliotumika katika kampeni ya Shirika la Afya Duniani iliyoongezwa nguvu mwaka 1967. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa kwa njia ya asili, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, aliugua Oktoba 1977.

Chanjo ya ndui ilikuwa na bahati hiyo ya kuhimili joto. Chanjo za magonjwa mengine hazikuwa nayo. Mpango wa chanjo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1974 ulileta chanjo za surua, polio, dondakoo, kifaduro na pepopunda, ambazo kwa kawaida hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Zahanati zisizo na umeme zilitegemea majokofu ya mafuta ya taa, ambayo utambi wake ulihitaji kuangaliwa kila mara. Hofu ya joto nayo ilizaa kosa la upande wa pili: chanjo ya pepopunda ikiganda, imekwisha. Wahudumu walifundishwa kutikisa kichupa na kukiacha kitulie. Iliyoganda hutua mashapo upesi kuliko nzima.

Mwaka 1996 vichupa vya polio vilianza kubandikwa kiashiria cha joto: mraba mweupe ndani ya duara. Joto huutia mraba weusi kidogo kidogo. Ukifanana rangi na duara, kichupa hutupwa. Kabla ya hapo, mhudumu aliyekuta jokofu limezima aliweza kumwaga chanjo nzima kwa tahadhari tu, au kutoa iliyokufa bila kujua.

Kuanzia 2018, huko Kivu Kaskazini na Ituri, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, chanjo ya Ebola ilihitaji nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, na bado watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Majokofu makubwa yalihitajika. Lakini bohari kuu hata iwe bora vipi haiwezi kumhakikishia mama kwamba tone analopewa mwanawe bado lina nguvu. Uwezo huo anao mchanjaji aliyeshika kichupa chenye kiashiria, na bajeti ya usambazaji ingefaa ianzie kwake.