Shanta ya Mmarekani Iliyoshonwa Uingereza

Shanta ya askari wa Marekani wa Vita Kuu ya Pili ina herufi mbili nyeusi usoni: U.S. Mtu akiiona hudhani imetoka kiwandani Marekani, basi. Lakini kuna shanta ambazo ukizifunua utakuta ndani mhuri wa wino usemao BRITISH MADE pamoja na mwaka, aghalabu 1943 au 1944. Kielelezo ni cha Marekani, mikono iliyoshona ni ya Waingereza. Wako wakusanyaji wanaotafuta vifaa vya aina hii tu, na wana haki, kwa kuwa mhuri huo mdogo unaeleza jinsi vita vile vilivyolishwa na kuvishwa.

Machi 1941 Marekani ilipitisha sheria ya Lend-Lease, iliyoiruhusu kuwapa washirika wake silaha, chakula na vifaa bila kudai malipo papo hapo. Hadi vita vinakwisha, thamani ya misaada hiyo ilifikia takriban dola bilioni 50. Inayosahaulika ni safari ya kurudi: washirika nao waliipa Marekani bidhaa na huduma za karibu dola bilioni 7.8, nyingi zikitoka Uingereza na nchi zilizokuwa chini ya taji lake. Tatizo kubwa lilikuwa meli. Nyambizi za Ujerumani ziliwinda katika Atlantiki, na kila nafasi melini iligombewa na vifaru, mafuta na risasi. Kufikia katikati ya 1944 Wamarekani wapatao milioni 1.5 walikuwa Uingereza, na kila mmoja alihitaji mkanda, mkoba na gwanda. Kilichowezekana kushonwa hukohuko hakikuwa na sababu ya kuvushwa bahari.

Ndiyo maana mkusanyaji hukuta mikanda ya bastola, mikoba ya maofisa na mifuko ya chupa za maji yenye mhuri huo. Kinachonivutia mimi kuliko vyote ni gwanda fupi la sufu la Wamarekani waliokuwa Ulaya, lililoiga gwanda la Mwingereza linaloishia kiunoni. Hapo mshirika hakushona tu. Alichangia hata mkato wa nguo.

Vifaa vya bandia vipo, tena vingi. Anza na uzi, si mhuri, kwa maana mhuri ni rahisi kuigiza. Shanta, mikanda na mikoba hii ilifumwa na kushonwa kwa pamba. Uzi wa plastiki, ambao ukiuchoma huyeyuka badala ya kuwa majivu, ni dalili mbaya. Wengi humulika kifaa gizani kwa taa ya mionzi ya urujuanimno: nyuzi nyingi za kisasa hung'aa kwa weupe wenye samawati, pamba ya zamani hubaki imefifia. Ila kipimo hiki kina mtego. Sabuni za siku hizi huacha kemikali zinazong'aa vilevile, hivyo shanta halisi iliyofuliwa juzi inaweza kuonekana ya bandia. Kuifua ni kuipoteza mara mbili, maana wino nao hufifia. Brashi laini na hewa kavu vinatosha.

Nchi nyingine washirika zina alama zake. Kanada iliweka mshale, alama ya mali ya serikali, ndani ya herufi C, Afrika Kusini ndani ya herufi U. Kofia ya chuma ya Afrika Kusini hutambulika hata bila mhuri, kwa matundu matatu kwenye ukingo wa nyuma. Askari wa KAR (King's African Rifles), kikosi cha Waingereza cha Afrika Mashariki, waliopigana Burma mwaka 1944 walikuwa chini ya Jeshi la 14 la Uingereza, ambalo sehemu kubwa ya mahitaji yake ilitoka India. Anayetafuta vifaa vyao asishangae kukuta mihuri ya huko.

Kabla ya kugusa kitu chochote, kipige picha kila upande, hasa chini ya mikanda na ndani ya vifuniko. Askari wa Marekani alitia alama vitu vyake kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo na tarakimu nne za mwisho za namba yake ya jeshi. Alama hiyo ikiwa imebaki, wino wake kando ya ule wa kiwanda cha Uingereza, usikubali mtu yeyote aifute ili shanta ionekane mpya.