Alisema Nani, Alimwambia Nani?

Katika madarasa ya Tala, mji wa soko ulio kwenye barabara ya Kangundo, mwanafunzi wa sekondari huzoeshwa mapema kutafuta mambo manne katika kila dondoo: msemaji, msemewa, mahali na sababu. Ndivyo linavyojibiwa swali la kueleza muktadha wa dondoo, ambalo kwa miaka mingi limekuwa mlango wa karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, mara nyingi kwa alama 4. Alama hizo hazitolewi kwa kubahatisha. Nyuma yake kuna historia ndefu ya mabishano kuhusu nani aeleze maana ya hadithi, na kwa ushahidi gani.

Hadithi za Ukambani, eneo ilimo Tala, zilianza kuwekewa ushahidi wa maandishi zamani. Gerhard Lindblom, msomi kutoka Uswidi, alifanya utafiti wake huko mnamo 1911 na 1912. Kati ya 1928 na 1935 alichapisha juzuu tatu za Kamba Folklore zenye ngano, vitendawili, methali na nyimbo. Alichokifanya kwa uangalifu mkubwa ni kuweka maneno ya Kikamba pamoja na tafsiri na maelezo. Msomaji anayejua Kikamba anaweza kumkosoa Mswidi huyo kwa kutumia kitabu chake mwenyewe, jambo ambalo wakusanyaji wengi wa zama hizo hawakuliruhusu, kwa kuwa waliandika muhtasari kwa lugha yao na kuyaacha maneno ya msimulizi yapotee.

Mwaka 1966 kazi hiyo ilishikwa na mwenyeji. John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka 1931 na aliyekuja kujulikana duniani kwa maandishi yake kuhusu dini za Kiafrika, alichapisha Akamba Stories mjini Oxford. Kabla ya hapo alikuwa ameandika hadithi kwa Kikamba. Sasa aliyekuwa akisikiliza ngano jioni utotoni ndiye aliyekuwa akizifafanua.

Shuleni mambo yalikwenda polepole zaidi. Mitihani ya sekondari ilitungwa Cambridge, na fasihi ilimaanisha Shakespeare na wenzake. Kijana wa Machakos alitakiwa kuthibitisha hoja kuhusu theluji na makasri ya wafalme ambayo hajawahi kuyaona, huku ngano za bibi yake hazina nafasi katika karatasi yoyote. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitoa waraka wao maarufu wakitaka Idara ya Kiingereza ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika, ile ya simulizi ikiwemo, iwekwe katikati ya masomo. Mwaka 1974 walimu walikutana Nairobi kujadili jinsi fasihi hiyo ingefundishwa katika shule za sekondari. Kisha ukaja mfumo wa elimu wa 8-4-4 mwaka 1985, uliofanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa. KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka 1989.

Hapo ndipo riwaya ya Kiswahili ilipoingia mikononi mwa kila mtahiniwa, na hakuna mfano mzuri wa jinsi inavyosomwa kuliko Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyokuwa kitabu teule katika muongo wa 2010. Anwani yenyewe ni kazi. Kwa mtoto wa vilima vya Matungulu, mbali na bahari na ziwa, dagaa ni samaki wakavu wa sokoni. Asipojua kwamba msemo huo humhusu mtu aliyeharibikiwa na mambo, hawezi kujibu swali la ufaafu wa anwani. Majina nayo yanadai kusomwa. Nasaba Bora ni jina la mtemi anayenyakua ardhi kwa hati za kughushi, na Majisifu ni mwalimu anayejipatia sifa kwa mswada alioandika kijana Amani. Anayedai kwamba maudhui ya riwaya ni matumizi mabaya ya mamlaka lazima aonyeshe shamba lililonyakuliwa. Anayesema ni wizi wa kazi za kubuni lazima amfuate Amani na mswada wake hadi mwisho. Bila hayo ana maoni tu, hata yawe sahihi.

Istilahi zenyewe zimewasumbua walimu. Wahakiki wengi wa Tanzania huyatofautisha maudhui na fani, kisha dhamira huwa sehemu ya maudhui. Kenya, maudhui mara nyingi ni yale mambo makuu yanayojadiliwa, na dhamira ni lengo la mwandishi. Kyallo Wadi Wamitila alisaidia sana kwa Uhakiki wa Fasihi ya mwaka 2002 na Kamusi ya Fasihi ya mwaka 2003. Vitabu hivyo vinastahili kuwa katika kila maktaba ya shule.

Vilivyojaa zaidi, kwa masikitiko, ni miongozo. Mwongozo mzuri humsaidia msomaji anayekwama. Lakini mwanafunzi anaposoma mwongozo peke yake hupata orodha ya maudhui ambayo mtu mwingine ameyavuna, pamoja na mifano iliyokwisha kuchaguliwa, na mtahini akitoa dondoo kutoka ukurasa ambao mwongozo umeuruka, hana pa kushika. Huo ndio upungufu mkubwa wa ufundishaji wa fasihi Kenya leo, na hauponyeki kwa kuongeza masomo ya ziada Jumamosi. Unaponyeka kwa darasa kusoma kurasa kwa sauti na kusimama kwenye neno gumu.

Fasihi simulizi imehifadhi njia nyingine. Silabasi inamtaka mwanafunzi ajue utafiti wa nyanjani: kuhoji, kurekodi, kushiriki, kutambua matatizo ya kila mbinu. Tala ina bahati hapa, kwa sababu wazee wanaojua methali na nyimbo za Kikamba wako umbali wa matembezi tu kutoka darasani. Mwanafunzi anayemrekodi mmoja wao, akaandika jina lake, kijiji na tukio lililozaa wimbo, anafanya kazi ile ile ya Lindblom na Mbiti, tena bila kuhitaji mkalimani.

Watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 wanatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Wanasoma Nguu za Jadi ya Clara Momanyi na Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, na miongozo ya vitabu vyote viwili iko madukani.